Upande Mmoja

Mkataba wa nyumba, kifungu cha tisa:
msumari ni marufuku.
Ondiek, mtunza ploti, alinisomea mara mbili
akigonga ukuta kwa funguo zake.
"Shimo moja, mia tano. Inatoka kwa depoziti."
Na ukuta wenyewe una rangi ya uji uliopoa.

Nikashuka mjini, Kirinyaga Road,
kwa Mutinda muuza rangi.
Akanipa mkebe mrefu, baridi, wenye gololi tumboni.
"Tikisa mpaka uisikie ikicheza," akasema.
"Kaa mbali, shibiri moja hivi, puliza kama unayepoza chai.
Ukipulizia upande mmoja, utabandua ukitaka.
Ukipulizia pande zote mbili,
ngoja dakika tano, zishike kidole zisikilowe.
Ukishazikutanisha, dada, usirudi kuniuliza."

Jumapili nikapanda paa,
maana harufu ile si ya kufungia chumbani
na mtoto ana kifua.
Hapo juu ya Zimmerman, kati ya matangi ya maji,
nikatandaza magazeti, nikayawekea mawe.
Kerubo, miaka saba, akajipa kazi ya usimamizi:
"Mama, hapo umeruka. Hapo umejaza."

Boksi la viatu likavaa kitenge,
kipande cha shilingi mia kutoka Gikomba,
masalio ya gauni la mtu nisiyemjua.
Kivuli cha taa kilichopasuka
nikakizungushia kamba ya katani, mstari juu ya mstari,
kwa subira ninayoipata Jumamosi tu, nikisuka nywele.
Ubao wa kichwa cha kitanda: mbao, sponji, kitambaa cha kijani.
Hautagusa ukuta. Utauegemea tu,
kama mgeni asiye na hakika ya kulala.

Kisha upepo.
Ukungu wa gundi ukaniponyoka,
ukaenda kusalimia shuka za Mama Njambi kwenye kamba,
na njiwa nao wakachangia manyoya.
Mama Njambi akapanda na beseni, akatazama.
"Nilitaka shuka za maua," akasema. "Sikusema za kuku."
Akazianua zikilia chra, chra, akashuka.
Nilijua nimekosana na mtu.
Baada ya nusu saa akarudi, mikononi fremu tatu zilizochoka:
"Kama mkebe haujaisha."

Haukuwa umeisha.
Ulikuwa mwepesi, gololi ikilia kwa nguvu zaidi,
Kerubo aliponiletea picha.
Baba yake, shati la michirizi, kicheko cha kufunga macho,
mwaka mmoja kabla ya Doha,
kabla simu haijaanza kuja mwisho wa mwezi,
kisha mwisho wa muhula,
kisha.
"Hii nayo, juu ya ubao wa bluu."

Nikaigeuza, nikapulizia mgongo wake.
Upande mmoja.
Mambo yangu yote humu ndani ni ya upande mmoja:
kitenge, taa, hata jina langu mlangoni kwa Ondiek,
vyote vya kubandua bila kuacha alama.

"Na ubao?" akauliza msimamizi.
"Picha inatosha."
"Mutinda alisema pande mbili."
Sikumbuki kumsimulia habari za Mutinda.
Akauchukua mkebe. Kidole kimoja hakikutosha,
akabonyeza kwa dole gumba zote mbili,
ulimi nje, shibiri yake fupi,
na ubao ukalowa kupita kiasi.

Sasa tumesimama, kila mtu na nusu yake,
tumenyoosha mikono isije ikagusana mapema.
Kamba tupu zinacheza.
Chini, mtu anajaribu filimbi ya jiko la presha.
Kerubo anahesabu kwa sauti, sekunde kwa sekunde,
dakika tano ni mia tatu, ameshapiga hesabu.
Mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi na moja.
Mia mbili na hamsini.

"Umeruka," namwambia.
"Rudi kumi na mbili."